Kifua Kikibana Kirumba: Njia ya Kumfikia Daktari Bingwa wa Mapafu

Swali hili linanifikia kila mara, na maneno yake karibu ni yale yale: "Mama anakohoa mwezi wa tatu sasa, maduka ya dawa tumeyamaliza, tumpate wapi bingwa wa mapafu hapa Mwanza?" Wengine huuliza usiku wa manane, mgonjwa ameketi kitandani anaitafuta pumzi. Wengine huuliza wakiwa wamesimama nje ya chumba cha wagonjwa mahututi, hawajui wazungumze na nani.

Ukiyasikia haraka utadhani ni swali moja, kumbe ni matatu: la kikohozi kisichoisha, la pumzi inayobana sasa hivi, na la mgonjwa aliye mahututi. Kila moja lina jibu lake. Nawaandikia hasa wenzangu wa Kirumba: wachuuzi wa dagaa pale mwaloni, wavuvi, akina mama wanaobanika samaki, madereva wa bodaboda na familia zinazopokea wagonjwa kutoka Ukerewe, Sengerema na Geita. Mimi si daktari. Ni mwandishi niliyeuguza ndugu wa kifua, nikajifunza kwa kuchelewa mambo ambayo ningeweza kuyajua mapema.

Ukisahau yote mengine, shika haya mawili. Pumzi ikibana, kimbilia oksijeni iliyo karibu. Jina la daktari utalijua baadaye. Kikohozi kikidumu, dai kipimo kabla ya kununua chupa nyingine ya dawa. Njia ya kumfikia bingwa inaanzia hapo.

Kwanza jiulize: hii ni dharura?

Ukiona hata dalili moja kati ya hizi, acha kusoma, mpeleke mgonjwa hospitali:

- Hawezi kumaliza sentensi moja bila kukata ili avute pumzi.
- Midomo, ulimi au kucha zinageuka kuwa za bluu au kijivu.
- Amechanganyikiwa, au analala mno na haamki vizuri.
- Mtu mzima anapumua zaidi ya mara 30 kwa dakika akiwa ametulia.
- Anakohoa damu nyingi, au ana maumivu makali ya kifua yaliyoanza ghafla.
- Ana pumu, amevuta dawa yake ya kupuliza na haijamsaidia.
- Kipimo cha kubana kidoleni kinaonyesha oksijeni chini ya 90. Futa kwanza rangi ya kucha, na kama kidole kina hina pima kisicho na hina, maana rangi hudanganya kipimo.

Kwa mtoto, mvue nguo umtazame kifua. Ngozi ikibonyea ndani chini ya mbavu kila anapovuta pumzi, hiyo ni hatari. Mhesabie pumzi kwa dakika nzima akiwa halii: mara 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, mara 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 12, mara 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5. Akifikia idadi hizo, mpeleke leo. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa asingoje hata saa moja.

La kufanya ukiwa bado nyumbani

1. Mketishe wima, ainame kidogo mbele, mikono ikiegemea mto au meza. Mgonjwa wa pumzi halazwi chali.
2. Fungua madirisha, zima jiko la mkaa, punguza watu chumbani.
3. Kama ana pumu na dawa yake ya kupuliza ya salbutamoli ipo, mpe kwa kutumia kifaa chake au chupa safi ya plastiki iliyotobolewa kitakoni. Mwongozo wa kawaida kwa mtu mzima aliyebanwa vibaya ni mipulizo 4 hadi 10, mmoja mmoja, na unaweza kurudia kila baada ya dakika 20 mkiwa njiani.
4. Usimlazimishe kunywa uji, maziwa wala mafuta. Anayehangaika na pumzi hupaliwa kwa urahisi.
5. Chukua kadi zake, dawa zake zote na simu, muondoke.

Sisi tunaoishi juu ya mawe tuna kazi ya ziada. Bajaji haifiki kwenye nyumba nyingi za milimani. Msibebe mgonjwa kwenye shuka akiwa amelala. Mketisheni kwenye kiti imara, watu wawili hadi wanne wamshushe akiwa ameketi. Kama nyumbani kuna mgonjwa wa kifua wa siku nyingi, panga leo nani atabeba, dereva yupi anapokea simu usiku, na njia ipi ya kushukia haina utelezi mvua ikinyesha.

Mpeleke wapi? Palipo karibu penye oksijeni na daktari wa zamu. Mjini kwetu, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando zote ziko upande wa Nyamagana, na dharura haihitaji barua ya rufaa. Kama mko mbali nazo na kituo cha afya kilicho jirani kina oksijeni, anzieni hapo, mgonjwa atulizwe kwanza, kisha asafirishwe.

"Akiwekewa oksijeni ndio mwisho wake"

Nimelisikia neno hili kwenye foleni nyingi, na limeua watu. Wanaliamini kwa sababu wamewaona wagonjwa wakiwekewa mpira puani, kisha wakafariki. Wengi wa wagonjwa hao walifika wamechelewa sana. Oksijeni ni dawa. Inaupa mwili muda ili dawa nyingine zifanye kazi. Mtoto mwenye nimonia aliyewekewa mapema mara nyingi hurudi nyumbani akiwa mzima. Ukikataa oksijeni kwa hofu, unamnyima mgonjwa tiba aliyoijia hospitali.

Unamtafuta bingwa yupi hasa?

Mtaani kila aliyevaa koti jeupe tunamwita dokta, hata muuza dawa. Ukianza safari ya bingwa, jua tofauti:

- Daktari wa kawaida: amemaliza shahada ya udaktari. Hospitalini mara nyingi ndiye anayekuona kwanza, na anaweza kukuandikia rufaa.
- Daktari bingwa wa magonjwa ya ndani: amesomea zaidi magonjwa ya watu wazima: mapafu, moyo, figo, kisukari. Kwa wengi wetu Kanda ya Ziwa, huyu ndiye daktari wa kifua. Anatibu pumu, nimonia, maji kwenye mapafu na madhara ya TB.
- Daktari bingwa wa watoto: kwa mtoto, kifua kinaanzia kwake.
- Bingwa bobezi wa mapafu: ni bingwa wa magonjwa ya ndani aliyeongeza miaka ya masomo ya mapafu peke yake. Hawa ni wachache nchini, na wengi utawakuta hospitali kubwa.
- Bingwa wa usingizi na wagonjwa mahututi: huyu ndiye mara nyingi anayesimamia mashine za kupumulia. Usishangae ukiambiwa mgonjwa wako wa mapafu yuko chini ya daktari wa usingizi. Kumlaza mtu na kumpumulisha kwa mashine ndiyo kazi aliyoisomea.
- Bingwa wa dharura: fani hii ni changa kwetu. Idara kamili ya kwanza ya magonjwa ya dharura nchini ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010.

Nchi nyingine, Marekani kwa mfano, daktari mmoja husomea mapafu na wagonjwa mahututi kwa pamoja. Huku kwetu kazi hizo mara nyingi zimegawanywa. Kwa hiyo ukifika hospitali usiulize tu, "Bingwa wa mapafu yupo?" Ukijibiwa hayupo utageuka na kuondoka, kumbe msaada ulikuwa mlango wa pili. Uliza hivi: "Wagonjwa wa kifua wa muda mrefu wanaonwa kliniki ipi, na siku gani?"

Ngazi za kupanda kutoka Kirumba

Kama hali si ya dharura, panda ngazi hizi kwa mpangilio:

1. Zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Hapa utapimwa makohozi, malaria, na utaandikiwa historia.
2. Hospitali ya wilaya, kwa picha ya kifua na vipimo vya damu.
3. Hospitali ya mkoa, Sekou Toure, ambako kuna madaktari bingwa.
4. Hospitali ya kanda, Bugando, kwa vipimo vikubwa kama siti skani na kliniki za mabingwa. Bugando ilifunguliwa mwaka 1971 na inahudumia mikoa yote inayotuzunguka. Chuo kikuu cha afya kiko palepale, ndiyo maana utakutana na wanafunzi wakikuuliza maswali yale yale mara tatu. Wajibu kwa uvumilivu. Mara nyingi mwanafunzi mwenye muda ndiye anayelinasa jambo dogo lililosahaulika.
5. Hospitali ya taifa au maalumu, ikibidi.

Najua utasema, "Ngazi hizi zinachelewesha, mimi naenda moja kwa moja juu." Zinachelewesha ukizipanda bila karatasi. Ukienda juu bila rufaa, mara nyingi utalipa zaidi, bima inaweza kukukatalia, na utaanzia vipimo vya chini palepale. Ukipanda na barua nzuri, ngazi mbili unaweza kuzipanda kwa wiki moja.

Barua nzuri ya rufaa ina mambo haya: tatizo na lilianza lini, vipimo vilivyofanyika na majibu yake, dawa zilizotumika na kwa siku ngapi, na swali ambalo bingwa anaombwa alijibu. Isome kabla hujaondoka. Ikiwa imeandikwa "kikohozi" peke yake, omba kwa heshima: "Daktari, tafadhali niongezee vipimo nilivyofanya."

Mnaotoka Sengerema na Geita, tangu Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi limewaondolea foleni ya kivuko, basi msimsubirishe mgonjwa kwa mazoea ya zamani. Mnaotoka visiwani bado mnategemea ratiba ya vyombo vya majini. Rufaa ikiandikwa asubuhi, ulizeni saa ya chombo kabla ya kwenda kufunga mizigo. Pia sikilizeni matangazo ya kambi za madaktari bingwa zinazopelekwa kwenye hospitali za wilaya. Mara nyingi bingwa wa magonjwa ya ndani huwemo, na atawakuta hukohuko.

Vipimo vinavyotangulia

Bingwa bila vipimo ni mtu mwenye maswali kama wewe. Hivi ndivyo vya kufuatilia:

- Makohozi. Ukikohoa wiki mbili au zaidi, pima TB. Kipimo na dawa ni bure katika vituo vya serikali, na tiba ya kawaida ni miezi 6. Toa kohozi la kutoka kifuani, la asubuhi kabla ya kula. Mate ya mdomoni hayatoi jibu.
- Picha ya kifua. Chukua picha yenyewe pamoja na maelezo yake.
- Kipimo cha kupuliza. Unapuliza kwa nguvu kwenye mrija, mashine inapima njia za hewa zimebana kiasi gani. Pumu na mapafu yaliyoharibiwa na moshi hutofautishwa hapa. Ukiambiwa una pumu bila kupuliza popote, uliza kipimo hiki kinapatikana wapi.
- Moyo. Kikohozi kinachozidi ukilala chali, miguu ikivimba, kinaweza kutoka kwenye moyo. Kipimo cha picha ya moyo kinaweza kukuokolea miezi ya dawa za kifua zisizo na kazi.
- VVU na sukari. Vyote viwili hubadilisha namna kifua kinavyougua na kutibiwa. Kubali vipimwe.

Mambo ya ziwani ambayo daktari lazima ayasikie

Usingoje uulizwe. Yaseme:

- Moshi. Umebanika samaki miaka mingapi? Unapikia kuni au mkaa, ndani au nje? Mwanamke asiyewahi kugusa sigara anaweza kuwa na mapafu ya mvutaji kwa sababu ya jiko.
- Mgodi. Uliwahi kuchimba au kusaga mawe ya dhahabu Geita au kwingineko? Vumbi la mawe huacha makovu ambayo hujitokeza baada ya miaka, na humfanya mtu awe rahisi kupata TB.
- TB ya zamani. Uliyepona TB unaweza kubaki na makovu yanayokohoza. Usirudie dawa za TB kwa kukisia. Dai kipimo upya.
- Kichocho. Umevua, umefua na kuoga ziwani tangu utoto? Kichocho cha tumbo kikikaa miaka mingi kinaweza kupandisha shinikizo kwenye mishipa ya damu ya mapafu, mtu akawa anahema kwa kupanda kilima kidogo tu.
- Dawa za presha. Baadhi yake, kama enalaprili na kaptoprili, huleta kikohozi kikavu. Usiziache kienyeji, mwambie daktari akubadilishie.
- Dagaa wakavu, vumbi na pumba. Kama kifua kinabana siku za kazi na kuachia siku za mapumziko, hilo ni jambo kubwa kwa daktari.

Bahasha ya mgonjwa

Shangazi yangu, mchuuzi wa dagaa, alipigwa picha ya kifua mara tatu ndani ya miezi miwili kwa sababu kila safari ile ya awali tuliiacha nyumbani juu ya kabati. Fedha ya picha mbili ilipotea, na bingwa hakuweza kulinganisha. Tangu siku hiyo nina bahasha. Yako iwe na:

- Barua ya rufaa na kadi ya bima au kitambulisho.
- Picha zote za kifua, za zamani na mpya, zenye tarehe.
- Majibu yote ya maabara.
- Dawa zote kwenye mifuko yake, pamoja na za asili. Usizifiche.
- Daftari dogo: kikohozi kilianza lini, kinazidi saa ngapi, uzito umepungua kiasi gani, unaweza kutembea umbali gani kabla ya kusimama. "Nilikuwa natoka mwaloni hadi uwanja wa CCM Kirumba bila kupumzika, sasa napumzika mara tatu" ni maelezo ambayo daktari yeyote atayaandika haraka.

Picha ya kila karatasi iwe pia kwenye simu ya watu wawili wa familia.

Huyu ni bingwa kweli?

Mabango ya "daktari bingwa" yamejaa, na redioni kuna wanaotibu mapafu kwa chupa moja. Hakiki hivi:

1. Uliza jina lake kamili, si la utani.
2. Litafute kwenye daftari la Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo liko mtandaoni. Chini ya sheria ya mwaka 2017, hakuna anayeruhusiwa kutibu kama daktari bila kusajiliwa huko.
3. Uliza anafanya kazi hospitali gani mchana. Mabingwa wengi wanaoonekana kliniki binafsi jioni ni wale wale wa hospitali kubwa. Si kosa kumwona jioni kama unaweza kulipa, ila omba maelezo yote yaandikwe.
4. Ukishindwa, piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, uulize.

Kimbia ukiona haya: anaahidi kuponya pumu moja kwa moja, anauza dawa isiyo na jina, anakukataza kwenda hospitali nyingine, anakataa kuandika anachokupa.

Siku ya kumwona: maswali matano

Kliniki zina foleni, na unaweza kupewa dakika chache. Nenda na maswali yameandikwa:

1. Ugonjwa wangu unaitwaje? Naomba uniandikie.
2. Una uhakika kiasi gani, na kipimo gani kingeongeza uhakika?
3. Dawa hii ni ya kutuliza au ya kila siku?
4. Dalili gani nikiiona nirudi bila kungoja tarehe ya kliniki?
5. Nikirudi kituo cha afya cha kwetu, wao waendelee na nini?

Swali la tatu linaokoa watu wa pumu. Kuna dawa ya kupuliza ya kufungua kifua papo hapo, na kuna ya kuzuia, ya kuvuta kila siku hata ukijisikia mzima. Wengi wananunua ya kwanza peke yake miaka yote, na kifua kinaendelea kuumia ndani. Ukitoka bila ya kuzuia, uliza kwa nini.

Ndugu yako akiwa chumba cha mahututi (ICU)

Huko mahututi, familia huumizwa zaidi na kutojua. Fanyeni hivi:

- Teueni msemaji mmoja. Ndugu kumi wakiuliza kwa nyakati kumi, mtapata majibu kumi nusunusu.
- Ulizeni saa ya daktari kupita wodini, msemaji awepo saa hiyo.
- Msemaji aulize: Tatizo kuu ni nini? Anapumua mwenyewe au kwa mashine? Oksijeni anayohitaji imepanda au imeshuka kuliko jana? Figo na moyo vikoje? Mnatazamia nini saa 24 zijazo?
- Andikeni majibu. Hofu husahaulisha.
- Msimpe chochote mdomoni bila ruhusa ya muuguzi, hata kijiko cha maji. Mkitaka kumwombea, ombeni nafasi.
- Osheni mikono kuingia na kutoka.

Mkifikiria kumhamisha, msimtoe wenyewe kwa gari la kukodi. Mgonjwa wa oksijeni huhamishwa hospitali kwa hospitali. Kabla gari halijawashwa, pateni majibu matatu: Kitanda kimethibitishwa na nani huko? Oksijeni ndani ya gari inatosha safari nzima pamoja na foleni ya barabarani? Muuguzi yupi anasafiri naye? Jibu moja likikosekana, subirini.

Gharama

Wakati wa UVIKO-19, mwaka 2021, serikali ilitenga shilingi trilioni 1.3 za mkopo nafuu, na sehemu yake ilijenga vyumba vya mahututi, idara za dharura na mitambo ya oksijeni. Huduma zimesogea karibu, lakini kitanda cha mahututi bado ni ghali kwa mtu wa kipato cha kila siku. Kwa hiyo:

- Kata bima ukiwa mzima. Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa mwaka 2023. Uliza kwenye ofisi ya kata yako ni mpango upi unaweza kujiunga nao sasa.
- Uliza bili kila siku, usingoje ya mwisho.
- Ukikwama, muulizie afisa ustawi wa jamii wa hospitali siku ya kwanza. Sera ya nchi ina msamaha kwa watoto chini ya miaka 5, wajawazito, wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza, na wagonjwa wa TB kwa tiba ya TB. Msamaha huombwa kwa utaratibu, na barua ya mtendaji wa mtaa husaidia.
- Usiuze mtumbwi wala kiwanja usiku wa kwanza. Uliza kwanza kinachodaiwa ni kiasi gani, na cha nini.

Makosa tunayoyarudia

- Kukata kimeo. Bado watoto na watu wazima wanakatwa kimeo kwa sababu ya kikohozi. Kimeo hakisababishi TB wala nimonia wala pumu. Kukikata kunaweza kuleta damu nyingi na maambukizi, na ugonjwa wenyewe unabaki kifuani.
- Amoksilini ya duka. Vidonge vinne leo, sita kesho. Ugonjwa unajificha, vijidudu vinazoea dawa, na kipimo kinachelewa.
- Prednisoloni ya mara kwa mara. Inafungua kifua haraka, ndiyo maana inapendwa. Ikinywewa kiholela hupandisha sukari na presha, hudhoofisha mifupa, na huiamsha TB iliyolala.
- Kuacha dawa za TB mwezi wa pili kwa kuwa mwili umerudi. TB sugu huzaliwa hapo.
- Kuogopa dawa ya kupuliza eti inazoesha. Inapeleka dawa kidogo mahali panapouma. Vidonge vinapeleka nyingi mwili mzima.
- Kuhama hospitali kila wiki. Hakuna daktari anayepata muda wa kuona dawa inafanya nini.

Lini uvuke mkoa

Safari ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara. Usiifunge kwa sababu jirani alienda. Iwe na sababu iliyoandikwa na daktari: kamera ya kuingia mapafuni au upasuaji wa kifua usiopatikana huku kwa wakati huo, uvimbe unaotiliwa shaka, au ugonjwa usiopata jibu baada ya vipimo vya kanda. Hapo rufaa huenda Muhimbili. Ya moyo huenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. TB sugu nayo ina nyumba yake, Hospitali ya Kibong'oto iliyoko Siha, Kilimanjaro, iliyoanza mwaka 1926. Lakini wagonjwa wengi wa TB sugu sasa wanaanza dawa kwenye mikoa yao, hivyo uliza hapa kwanza.

Mgonjwa anayetegemea oksijeni asipande basi wala ndege bila daktari kumruhusu kwa maandishi. Angani hewa ni nyepesi, na kwenye basi hakuna wa kumsaidia usiku kati ya Singida na Dodoma.

Neno la mwisho kwako

Utasema huna nafasi ya haya yote, kazi ya mwaloni inaanza alfajiri. Naelewa. Basi wiki hii fanya matatu tu. Aliyekohoa wiki mbili nyumbani kwako, mpeleke akatoe makohozi, ni bure. Tafuta bahasha moja, weka humo kila karatasi ya hospitali iliyo ndani ya nyumba. Na usiku wa leo, mkiwa mezani, mkubaliane nani atamshusha mgonjwa mlimani pumzi ikibana, na kwa kiti kipi. Bingwa utamfikia. Mgonjwa afike kwake akiwa hai, na bahasha yake mkononi.